Mhadhiri awatahini wanafunzi mara ngapi kwa muhula? Je, CAT mbili zinatosha?

#1 Mwalimu wa Njoro

Hamjambo, wanajukwaa. Ninafundisha takwimu za mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha huku Nakuru, na darasa langu lina wanafunzi wapatao 180. Miaka yote nimefuata desturi tuliyoirithi: CAT moja, yaani jaribio la ndani ya muhula, wiki ya tano, nyingine wiki ya kumi, halafu mtihani wa mwisho wa muhula, alama zikigawanywa 30 kwa 70. Muhula huu nimeivunja desturi hiyo. Kila Jumatatu, katika dakika kumi za mwanzo, wanafunzi hujibu maswali matatu kwenye nusu karatasi ya fulskapu, wanaikunja, wanaipitisha mbele, kisha tunaendelea na somo.

Ninayoyaona hadi sasa hayaelekei upande mmoja. Ukumbi unajaa Jumatatu kuliko siku nyingine yoyote, na maswali ninayoulizwa baada ya kipindi yameanza kuwa maswali ya mtu aliyefungua daftari jana yake. Lakini wale waliokuwa mkiani wiki ya kwanza wengi wao bado wako mkiani, na mimi mwenyewe nalala nikiwa nimezungukwa na nusu karatasi 180. Nikitumia dakika moja tu kwa kila karatasi, hizo ni saa tatu kila wiki, na hili si somo langu pekee.

Tena kuna mambo ambayo hakuna mpango unaoyatarajia. Wiki ya nne pesa za fotokopi hazikuwapo, nikasoma maswali kwa mdomo. Mvua ya Njoro ikaamua kuanza wakati huohuo, na paa letu ni la mabati. Nilisema, kwa Kiingereza kama tufundishavyo, kwamba sampuli ina watu 15. Waliokaa nyuma wakasikia 50, maana lugha hiyo imezifananisha sauti za namba hizo mbili kana kwamba haikutarajia kamwe kutumiwa chini ya mabati. Nusu ya darasa ikakokotoa jambo moja na nusu nyingine jambo jingine.

Swali langu ni hili: nirudi kwenye CAT mbili, niendelee na kila wiki, au kuna mahali pa katikati?

#2 Jicho la Kondele

Rudi kwenye CAT mbili, mwalimu, na ulale. Nimefundisha historia katika vyuo viwili vya huku Kisumu, na ninaamini kwamba unachokiona Jumatatu ni mahudhurio tu. Umeweka daftari la mahudhurio lenye alama ndani yake, kwa hiyo watu wamekuja, na wakija husikia, na wakisikia huuliza maswali bora. Ungeweza kuita majina kwa dakika mbili ukapata matokeo yayo hayo bila kusahihisha chochote.

Isitoshe, mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima. Amefanya mitihani ya kufungua muhula, ya katikati na ya kufunga tangu darasa la kwanza, akamaliza kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na alikuja chuoni akitumaini kwamba sasa ataachwa asome kitabu kizima kabla ya kuulizwa kilikuwa kinasema nini. Tukimtahini kila Jumatatu tunampa kidato cha tano.

#3 Bi. Maktaba

Ndugu wa #2, ninaheshimu uzoefu wako, lakini suala hili halianzi na mahudhurio. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 jinsi mtu anavyosahau haraka alichojifunza, hasa katika saa na siku za mwanzo. Baadaye ikaonekana kwamba kule kulazimishwa kukumbuka jambo, bila kulitazama, ndiko kunakolikaza kichwani kuliko kulisoma upya. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo maneno ya Kiswahili wajifunze, na waliotahiniwa mara kwa mara wakakumbuka zaidi ya mara mbili ya wenzao. Kwa hiyo jaribio halipimi tu kilichofundishwa, bali nalo hufundisha.

#4 Ufuo wa Dunga

Subirini kidogo. Wamarekani walijaribiwa kwa Kiswahili na hakuna aliyetuita tukasimamie? Waliulizwa maneno gani?

#5 Hesabu Tamu

Dada wa #3 amesema kweli kuhusu jambo lenyewe, ila amechanganya tafiti mbili, na tofauti yake ina uzito katika mjadala huu.

Ule wa 2006 haukuwa na Kiswahili hata neno moja. Wanafunzi walisoma vifungu vifupi vya habari, kimoja kuhusu jua na kingine kuhusu fisimaji wa baharini. Kundi moja lilikisoma kifungu mara nne, kundi jingine likakisoma mara moja na kujaribu mara tatu kukiandika kwa kumbukumbu. Baada ya dakika tano waliosoma mara nne ndio waliokuwa mbele, asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliokuwa wakijijaribu walikumbuka asilimia 61, na waliosoma tu asilimia 40. Zingatieni hizo dakika tano, kwa sababu ndizo zinazomdanganya mwanafunzi anayekesha usiku wa kuamkia mtihani. Anafunga daftari akiwa na hakika kwamba anajua, na kwa wakati huo anajua kweli.

Utafiti wa maneno ya Kiswahili ni wa 2008, wa watafiti walewale wawili: jozi 40 za maneno ya Kiswahili na maana zake kwa Kiingereza. Mwanafunzi akishalipata neno mara moja, kundi moja liliendelea kuulizwa neno hilo, na jingine likaacha kuulizwa. Baada ya wiki, walioendelea kuulizwa walikumbuka takriban asilimia 80, na walioacha walikuwa kwenye thelathini na kitu, hata kama waliendelea kuyasoma maneno yenyewe. Wa #4, mojawapo ya maneno hayo lilikuwa «mashua».

#6 Ufuo wa Dunga

Mashua! Mtoto wa huku kwetu anajua mashua kabla ya kujua kiatu. Nitaifunga yangu na kungoja barua ya ushauri wa kitaalamu.

#7 Bi. Maktaba

Asante kwa marekebisho, Hesabu Tamu. Nilisoma tafiti hizo kwa kufuatana na zikanichanganyikia, jambo ambalo nadhani linathibitisha hoja yangu kuhusu kusahau.

#8 Fundi wa Section 58

Ninyi wa vyuo vikuu mnabishana kuhusu kalenda, ilhali kalenda ndiyo tatizo. Mimi ni mkufunzi wa umeme katika chuo cha ufundi hapa Nakuru, na tangu tulipoingia mfumo wa umilisi hatusemi fulani amepata 54 au 61. Tunasema amefikia umilisi au bado hajaufikia, na asiyeufikia hurudia kazi hiyohiyo. Juzi nilikuwa na kijana aliyefunga swichi mbili zinazoendesha taa moja ya ngazini. Mara ya kwanza taa ilikataa kuwaka. Mara ya pili iliwaka lakini haikuzimika kutoka juu. Mara ya tatu nilipanda na kushuka ngazi mwenyewe nikiibofya, na ikatii kote kuwili. Je, nilimtahini mara tatu au mara moja? Sijui, na silioni kuwa jambo la maana. Picha za kazi zote tatu zimo kwenye faili lake la ushahidi.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mtu atahiniwe akiwa tayari, na tena akishindwa, wala si kila Jumatatu.

#9 Jicho la Kondele

Mkufunzi, hilo nalipenda, lakini una vijana wangapi?

#10 Fundi wa Section 58

Ishirini na wawili.

#11 Jicho la Kondele

Basi mwenzako wa Njoro ana 180. Akimsubiri kila mmoja awe tayari, muhula huu utaisha wakati watoto wa shule wa mtaala wa umilisi wameshamaliza sekondari.

#12 Komredi wa Lurambi

Salamu kutoka Kakamega. Niruhusuni kuzungumza kwa niaba ya wanaotahiniwa, maana hadi sasa uzi huu ni wa wanaotahini.

Muhula huu nina masomo saba. Kila mhadhiri akisoma hizo tafiti za fisimaji na kuamua kutoa kwizi kila wiki kwa wiki 13, mimi nitafanya kwizi 91, bila kuhesabu mitihani ya mwisho. Mhadhiri huona dakika kumi zake tu na kusema ni kidogo. Hakuna anayejumlisha, kwa sababu hakuna anayefundisha yote saba.

La pili, kila karatasi ni nafasi ya alama kupotea. Mwaka jana nilifanya CAT mbili katika somo moja, nikaketi mstari wa mbele, nikatia sahihi kwenye orodha, na matokeo yalipotoka pale penye alama zangu palikuwa na kistari. Ilinichukua miezi minne ya kutembea kutoka ofisi hadi ofisi, kila moja ikinielekeza kwa nyingine, ndipo karatasi ikapatikana chini ya rundo la darasa jingine. Hizo zilikuwa karatasi mbili. Wakinipa 13 kwa kila somo, nitahitaji mwaka mzima wa kutembea.

La tatu, wengine wetu tunajilipia. Mimi naendesha bodaboda, na Jumatatu asubuhi ndipo abiria walipo wengi. CAT mbili zikiwa na tarehe najipanga. Kwizi ya kila Jumatatu ni sawa na kuniambia niache kazi.

#13 Mama wa Kaptembwo

Kijana wangu wa #12, pole kwa hiyo miezi minne. Lakini hapo kwenye kujipanga mimi naona kinyume chako, ingawa nami nasoma huku nikifanya kazi, masomo ya jioni, nikiwa na watoto watatu.

Muhula uliopita CAT ya kwanza iliangukia jioni ambayo mwanangu mdogo alikuwa na homa ya nyuzi 39. Niliwekwa alama sifuri kati ya 15, na ombi langu la kurudia likakosa wa kulisikiliza. Baada ya hapo, hata ningepata zote zilizobaki nisingevuka 85. Kama alama hizo 15 zingegawanywa katika majaribio kumi, jioni moja ya homa ingenigharimu alama moja na nusu tu. Wenye maisha yasiyotabirika ndio wanaohitaji majaribio mengi madogo, ili siku moja isiwe na uwezo wa kumzamisha mtu.

#14 Komredi wa Lurambi

Mama, umenifikirisha. Lakini hesabu yako inasimama tu iwapo mbili mbaya zaidi zinatupwa. Bila hivyo, mwenye homa kumi amepoteza zote kumi.

#15 Hesabu Tamu

Wote wawili wamegusa jambo lililoonekana Texas. Mwaka 2013 Pennebaker na wenzake walichapisha matokeo ya darasa la saikolojia lenye wanafunzi wapatao 900 ambamo mitihani mikubwa iliondolewa, na badala yake kila kipindi kikaanza kwa kwizi fupi ya kompyuta, yenye majibu ya papo hapo. Alama zilipanda kidogo kulinganisha na madarasa ya zamani, lakini lililowashangaza wengi ni kwamba pengo kati ya wanafunzi wa familia zenye uwezo na wa familia zenye uwezo mdogo lilipungua kwa takriban nusu. Zaidi ya hayo, walifanya vizuri hata katika masomo mengine ya muhula huo na uliofuata, na waandishi wakadhani ni kwa sababu walijifunza kusoma kwa mpangilio.

Hapo sasa mtaona ugumu. Kama faida ilihamia masomo mengine, basi haikuwa kumbukumbu ya dada wa #3 pekee, maana saikolojia haikukumbushi hesabu. Huenda ni nidhamu ya kuhudhuria, kama anavyodai wa Kondele. Au ni majibu ya papo hapo. Au ni vyote vitatu.

Na kabla hatujasema kwamba mengi ndiyo bora, Bangert-Drowns na wenzake walikusanya tafiti za majaribio ya darasani mwaka 1991, wakaona kwamba hatua kubwa ni kutoka bila jaribio hadi jaribio moja au machache. Kila unaloongeza baada ya hapo huleta faida ndogo kuliko lililotangulia. Pia kuna kazi ya Cepeda na wenzake ya 2008 kuhusu nafasi kati ya kujifunza na kurudia: aliyetaka kukumbuka baada ya siku saba alifaidika zaidi akirudia baada ya siku moja, na aliyetaka kukumbuka baada ya siku 350 alifaidika zaidi akirudia baada ya siku 21 hivi. Kwa hiyo mwalimu wa Njoro ajiulize kwanza anataka wakumbuke hadi lini. Akitaka hadi mtihani wa mwisho, ratiba ni moja. Akitaka hadi watakapoajiriwa, ni nyingine.

#16 Ufuo wa Dunga

Hapa kwetu wanafunzi 900 wakifungua kwizi kwa wakati mmoja, mtandao utaanguka kabla ya bando kuisha. Na kama kwizi iko kwenye simu, mwakenya, yaani majibu ya kuibia mtihani, nayo iko kwenye simu hiyohiyo, dirisha la pili.

#17 Jicho la Kondele

Ndugu wa Dunga amenipa nafasi niliyokuwa naitafuta. Jaribio fupi la kila wiki ndilo rahisi zaidi kuiba, kwa sababu ni la kukariri, na kinachokaririwa kinatosha kwenye kiganja. Hakuna anayeingia na mwakenya ya hoja.

Nirudi pia kwenye tafiti. Jozi 40 za maneno ni jozi 40 za maneno. Ebbinghaus alijitahini peke yake, kwa silabi zisizo na maana. Mimi nikitaka mwanafunzi aeleze kwa nini reli iliyojengwa kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901 na ikabadilisha nini katika maisha ya watu wa ziwani, simhitaji akumbuke 1901 kwa dakika kumi. Nahitaji akae na vitabu vitatu vinavyopingana kwa mwezi mzima. Kila Jumatatu ninayomtahini namwondoa kwenye vitabu hivyo na kumrudisha kwenye tarehe.

#18 Bi. Maktaba

Atazipingaje hoja za vitabu vitatu ikiwa hakumbuki vilisema nini? Halafu si lazima jaribio liwe la tarehe. Oxford, ambako katika kozi nyingi shahada huamuliwa hasa na mitihani mikubwa michache, mwanafunzi wa historia huandika insha karibu kila wiki na kuitetea mbele ya mwalimu wake. Kwa kawaida insha hizo haziingii katika alama za shahada. Ina maana anajaribiwa daima na anahukumiwa mara chache. Labda tunachanganya mambo mawili tunapouliza «mara ngapi».

#19 Fundi wa Section 58

Ndiyo niliyoyasema kuhusu taa ya ngazini, ila dada ameyavisha suti.

#20 Mzee wa Luanda

Nimestaafu baada ya miaka mingi ya kufundisha na kusahihisha. Niwaulize jambo ambalo hakuna aliyelitaja kwa kirefu: karatasi zinarudi lini?

Nilikuwa na mwenzangu aliyetoa majaribio sita kwa muhula na kuyarudisha yote kwa mpigo wiki ya mwisho, yamefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Wanafunzi walichukua wakatazama namba ya juu, wakakunja. Kosa alilolifanya mtoto katika la kwanza lilikuwa limerudiwa katika la tatu na la tano, kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Mimi nilitoa matatu, na kila moja lilirudi kabla ya Ijumaa. Sikuwa na nguvu za zaidi ya hapo, na nadhani idadi ya majaribio ingepaswa kuanzia hapo, kwenye nguvu za msahihishaji. Mwalimu mwenye 180 anaweza kutoa maswali matatu na kusahihisha moja, bila kuwaambia ni lipi. Au awaache wabadilishane karatasi na kusahihishiana palepale, mradi alama zisihesabiwe.

Kando ya hayo, vijana wanaotumia neno mwakenya wakumbuke kwamba halikuzaliwa kwenye chumba cha mtihani. Lilikuwa jina la kundi la siri la kisiasa la miaka ya 1980, na vijikaratasi vyake vilipitishwa kwa kuficha. Kuna waliofungwa kwa sababu ya jina hilo. Nilipolisikia mara ya kwanza likitajwa na msimamizi wa mtihani, nilishtuka kwelikweli.

#21 Komredi wa Lurambi

Sikulijua hilo, mzee. Asante. Lakini kusahihishiana kunategemea umekaa karibu na nani. Rafiki yangu mmoja amewahi kunipa 9 kati ya 10 kwa karatasi niliyoiacha tupu upande wa nyuma.

#22 Mwalimu wa Njoro

Nimesoma yote, na ninawashukuru. Sijui tena kama kinachofanya kazi Jumatatu ni kumbukumbu, mahudhurio, au woga, na Hesabu Tamu amenisadikisha kwamba hata wa Texas hawakuvitenganisha kikamilifu. Kwa wiki zilizobaki nitafanya hivi: kwizi zitabaki, lakini kila wiki ya pili, mbili mbaya zaidi zitatupwa kwa ajili ya mama wa Kaptembwo na wenye homa zao, na nitasahihisha swali moja kati ya matatu kama alivyoshauri mzee. Kuhusu wale wa mkiani, hakuna aliyenijibu. Labda nao wanahitaji mkufunzi wa kupanda ngazi nao mara tatu, na hilo sina saa zake.

#23 Jicho la Kondele

Kila wiki ya pili kwa muhula wa wiki 13 ni mara sita. Ni zile CAT mbili zangu, zimezaa mapacha wawili kila moja.

#24 Kiti cha Nyuma

Shikamoo, mwalimu. Nimekuwa nikisoma uzi huu kimya tangu jana, na nadhani ukumbi huo naujua, na mvua hiyo pia. Mimi ni mmoja wa wale waliosikia 50. Nilikokotoa kila hatua kwa 50, na nina hakika jibu ni sahihi kwa swali nililolisikia. Naomba kujua tutasahihishwa vipi.

#25 Mwalimu wa Njoro

Marahaba. Waliosikia 50 watasahihishwa kwa 50. Pita ofisini Jumanne na karatasi yako tuipitie pamoja.

#26 Kiti cha Nyuma

Karatasi bado iko kwako, mwalimu.